Nimeacha matunda yote kwa sababu ya mawe kwenye nyongo, mbona bado naumwa?

Shikamoo Shangazi,

Mimi ni mama wa miaka 43, nakaa Mikindani na mume wangu, watoto wawili na mama mkwe. Binti yetu mkubwa ameolewa Masasi. Nakuandikia kwa sababu kila ninayemuuliza ana jibu lake, na anayeumia ni mimi.

Baada ya Idi, usiku, nilishikwa na maumivu chini ya mbavu za kulia. Yakapanda hadi chembe cha moyo, yakatokea mgongoni karibu na bega. Nilitapika mpaka nikaishiwa nguvu. Kulipokaribia kucha yakatulia yenyewe, nikadhani ni gesi. Yaliporudi, mume wangu akanipeleka hospitali. Nikapimwa kwa altrasaundi, wakasema kifuko cha nyongo kina mawe madogo madogo. Daktari akaniandikia dawa ya kutuliza, akasema nipunguze mafuta na nirudi kumwona daktari wa upasuaji. Watu walikuwa wengi siku ile, sikupata nafasi ya kuuliza nile nini na niache nini. Kwa daktari wa upasuaji sijarudi, nina hofu.

Nyumbani nikaanza kupokea maelekezo. Mama mkwe anasema ni mbegu za mapera nilizokuwa nikimeza tangu utotoni, zimekusanyika zikawa mawe. Jirani yangu anasema ni ukali wa ndimu, machungwa na embe mbichi, ndio unaogandisha nyongo. Mama mmoja anayeuza dawa za miti shamba akamaliza kabisa, akaniambia niache kila tunda. Nimeacha. Embe, pera, papai, chungwa, nanasi, hadi ndizi mbivu.

Asubuhi nakunywa chai na mbaazi za nazi na andazi. Mchana ugali wa muhogo na kisamvu, au wali na samaki wa nazi. Nikisikia njaa katikati natafuna korosho, maana ndizo zipo ndani. Usiku silali na chakula tumboni, naogopa maumivu. Nimepungua haraka mpaka nguo zinanivuka, choo kimekuwa kigumu, na maumivu bado yananijia.

Sasa maembe yameanza na shambani mabibo yamejaa. Watoto wanakula, mimi natazama. Na kuna kaka mmoja Mtwara mjini anauza tiba ya kutoa mawe bila kisu: unashinda na juisi ya tufaha, jioni unakunywa mafuta ya zeituni na maji ya ndimu, asubuhi mawe yanatoka chooni. Amenionyesha picha, mawe ya kijani, mengi. Mume wangu yuko tayari kulipa.

Naomba uniambie nile tunda gani na niache lipi, na hiyo tiba ya mafuta na ndimu niinywe au nisiinywe. Na binti yangu wa Masasi ana mimba ya miezi mitano. Nimemkataza matunda asije akapata kama haya. Nimefanya vyema?

Mama wa Watatu, Mikindani

*

Marahaba mwanangu. Pole kwa maumivu, na pole pia kwa njaa uliyojitia, kwa sababu haikuwa ya lazima. Matunda uliyoyaacha hayana kosa lolote katika ugonjwa huu. Kinachokuamsha usiku kimebaki kwenye sufuria na kwenye kopo la korosho, nacho hujakigusa kwa kuwa hakuna aliyekutajia.

Nikueleze kinavyofanya kazi, ili kesho mtu akikukataza chakula uweze kumpima mwenyewe. Nyongo hutengenezwa na ini. Kifuko kilichoshikana na ini kwa chini, upande wa kulia, huipokea, huikoleza na kuitunza. Ni kifuko kidogo, urefu wake sentimita 7 hadi 10. Chakula chenye mafuta kikitoka tumboni na kuingia utumbo mwembamba, utumbo hutoa homoni iitwayo kolesistokinini, na homoni hiyo hukiamuru kifuko kijikamue ili nyongo iende kuyavunja mafuta. Mtu asiye na mawe hasikii chochote. Kwako, kifuko kikijikamua jiwe linaweza kusogea na kuziba mlango wake. Kifuko kinazidi kukaza, nyongo haina pa kutokea, na hapo ndipo mbavu zinapowaka. Ndiyo maana maumivu haya hupenda kuja baada ya mlo mzito, mara nyingi usiku, yakadumu nusu saa au saa kadhaa, kisha jiwe likirudi nyuma yanatulia kana kwamba hukuwa mgonjwa.

Kwa hiyo swali la kujiuliza mbele ya kila chakula ni kina mafuta kiasi gani. Kuwa na mbegu au kuwa kikali hakuhusiki.

Mawe yenyewe, mengi, ni kolesteroli iliyozidi ndani ya nyongo ikaganda. Mengine hutokana na bilirubini, ile rangi inayobaki chembe nyekundu za damu zinapovunjika, na ndiyo sababu wenye selimundu huweza kuyapata wakiwa bado wadogo. Mbegu ya pera haina njia ya kuingia huko. Ukiimeza inapita tumboni, inapita utumboni, inatoka na choo. Ukali wa ndimu nao haugandishi kitu. Tumbo lako lina tindikali yake, tena kali kuliko ya ndimu, na huishi nayo kila siku. Mwanamke aliyezaa, aliyefika miaka 40, yuko kwenye hatari zaidi kwa sababu homoni za kike huongeza kolesteroli kwenye nyongo, na kila mimba hukilegeza kifuko. Unene, kisukari na kuwa na ndugu mwenye mawe huongeza pia. Mweleze mama mkwe kwa upole kwamba hukujiletea kwa kula mapera.

Sasa matunda. Katika gramu 100 za papai, embe, chungwa, nanasi, tikiti, ndizi mbivu, fenesi, stafeli au pera, mafuta hayafiki gramu 1. Kifuko cha nyongo hakishtuki kwa kiasi hicho. Yote hayo ni yako. Tena unayahitaji, kwa sababu nyuzinyuzi zake ndizo zitakazokulainishia choo ambacho unaniambia kimekuwa kigumu. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu ale angalau gramu 400 za matunda na mboga kila siku, na mwenye mawe kwenye nyongo hakutolewa katika ushauri huo.

Kwa kuwa tumbo lako limekaa muda mrefu bila matunda, usilivamie. Anza na papai lililoiva, kipande cha ukubwa wa kiganja, baada ya chakula cha mchana. Kesho yake ongeza ndizi. Halafu embe. Kila tunda lipe siku yake, andika kwenye daftari umekula nini na umesikia nini, na uandike pia kilichokuwa kwenye mchuzi siku hiyo, maana tunda hulaumiwa wakati mwingine kwa kosa la mchuzi. Wapo wagonjwa ambao chungwa au nanasi huwaletea kiungulia, hasa wakila tumbo likiwa tupu. Likikufanyia hivyo, lile baada ya mlo au liache hilo moja, na mwambie daktari, kwa sababu kuungua kwa chembe cha moyo kunaweza kuwa vidonda vya tumbo vinavyotaka tiba yake.

Yapo matunda ambayo watu wetu hawayahesabu kuwa matunda, na hayo ndiyo ya kuangalia. La kwanza ni nazi.

Nimesoma mlo wako mara mbili. Mbaazi za nazi asubuhi, kisamvu mchana, samaki wa nazi. Sisi wa Kusini nazi ndiyo sufuria yenyewe, na sitakuambia uhame Mikindani. Lakini nyama ya nazi iliyokomaa ina mafuta yapatayo gramu 33 kwa kila gramu 100, na tui zito la kwanza lina zaidi ya gramu 20 katika mililita 100. Kikombe kimoja cha tui hilo kwenye mbaazi, na andazi la kukaangwa pembeni, na kifuko chako kimeshapewa amri ya kujikamua kwa nguvu kabla hata jua halijapanda. Daktari alipokuambia upunguze mafuta, wewe ulifikiria chupa ya mafuta ya kula. Wengi hufikiria hivyo hivyo. Hakuna aliyekuambia kwamba tui nalo ni mafuta.

Fanya hivi. Wewe na mama mkwe mnajua kwamba mbaazi, kisamvu na samaki huchemka kwanza kwenye tui la pili, lile jepesi, na tui la kwanza hutiwa mwishoni kabisa. Pakua chako kabla tui la kwanza halijaingia. Nyumba nzima itakula chakula chake kama kawaida, nawe utakula chakula hicho hicho kikiwa na mafuta machache, bila kupika sufuria mbili na bila kumwambia mama mkwe kwamba mapishi yake yanakuua. Kisamvu kikiungwa kwa karanga, karanga nazo ni mafuta, chako kitoe mapema vile vile. Samaki siku nyingine aliwe chukuchuku, kwa nyanya, kitunguu na ndimu, kwani ndimu umeshaisamehe. Andazi, kitumbua na muhogo wa kukaanga viweke mbali kwanza. Muhogo wa kuchemsha, viazi vitamu na ming'oko ya kuchemsha kwa chumvi havina shida.

Madafu ni jambo jingine. Maji ya dafu hayana mafuta ya kuhesabu, kunywa. Ile nyama laini ya dafu changa, kijiko kimoja viwili si neno, lakini kadiri nazi inavyokomaa ndivyo mafuta yanavyoongezeka. Na hapa nikukanye kitu kimoja. Utasikia watu wakisema dafu na maji ya ndimu husafisha mawe. Wanazungumzia mawe ya figo, ambayo hujengwa na chumvi za kwenye mkojo, na kwa hayo kunywa maji mengi kunasaidia kweli. Mawe yako yako kwenye nyongo, na maji unayokunywa hayapiti humo. Ushauri wa jirani aliyepona mawe ya figo haukuhusu.

La pili ni korosho. Mkorosho umetupa vitu viwili kwenye kikonyo kimoja, na kwako viwili hivyo havifanani hata kidogo. Bibo lina maji mengi, vitamini C inayolizidi chungwa mara kadhaa, na mafuta karibu hakuna. Kula mabibo mwanangu, yaoshe, yakamue ukipenda, ukwaru wake kooni hauna uhusiano na nyongo. Yakishachachushwa yakawa uraka hapo ni pombe, tusiyaite tunda tena. Korosho yenyewe ina mafuta yapatayo gramu 44 katika gramu 100. Ni mafuta mazuri kwa moyo, na kwa mtu mzima wa afya ningemsifia. Lakini kiganja kimoja kikijazwa na kutafunwa na mwenye mawe yanayomuuma ni mlo wa mafuta kamili. Kwa sasa, mpaka utibiwe, zikiwa ndani ziwe za watoto. Ukibanwa na njaa katikati ya siku kula embe.

Parachichi ndilo la tatu, hilo linalotuletewa kutoka nyanda za juu. Gramu 100, yaani kama nusu ya parachichi la wastani, zina gramu 15 hivi za mafuta. Kipande chembamba kwenye kachumbari sikukatazi kama hakikusumbui, ila juisi ya parachichi na maziwa ndani ya bilauri kubwa usiiguse.

Hata hivyo usikimbilie upande wa pili ukafuta mafuta yote. Kifuko kisipojikamua kabisa nyongo hutuama ndani yake, na nyongo iliyotuama ndiyo inayozidi kugandisha mawe. Kijiko kidogo cha mafuta kwenye mboga, katika kila mlo, kinatosha kukifanya kijikamue taratibu.

Kwa sababu hiyo hiyo nakuomba uache kulala njaa. Umefikiri unakipumzisha kifuko, kumbe unakifungia nyongo yake tangu mchana hadi asubuhi. Halafu umepungua haraka. Anayepungua zaidi ya kilo moja na nusu kwa wiki huongeza uwezekano wa kupata mawe, kwa sababu mwili unapoyeyusha akiba yake ya mafuta kwa kasi, ini humwaga kolesteroli zaidi kwenye nyongo. Kula mara tatu kwa siku, kidogo kidogo, na jioni kula mapema: ugali au wali mweupe, mboga ya majani, samaki wa kuchemsha au maharage yasiyo na tui, na tunda. Nguo zikiendelea kukuvuka hata baada ya kuanza kula vizuri, mwambie daktari, asidhani ni mlo tu.

Juisi zisichukue nafasi ya tunda. Ukikamua machungwa manne ukamwaga makapi, umebaki na sukari ya machungwa manne na nyuzinyuzi umezitupa, na ukwaju na ubuyu vikitengenezwa juisi huongezewa sukari ya kutosha kutisha. Tunda zima ndilo bora. Ukiwa na kisukari, kiasi kipimwe na wanaokuhudumia.

Kuosha matunda nitalisema kwa mkazo, kwa kuwa kwako lina uzito kuliko kwa mwingine. Vijidudu vya taifodi vinaweza kujificha ndani ya kifuko cha nyongo, na kunapokuwa na mawe hung'ang'ania juu ya mawe hayo kiasi kwamba dawa huweza kushindwa kuvimaliza. Mtu anaweza kuonekana amepona huku akiendelea kuvitoa na choo kwa muda mrefu, akaambukiza waliomo nyumbani. Osha tunda kwa maji safi yanayotiririka kabla ya kulimenya, hata papai na tikiti ambayo ganda lake hulili, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa ganda mpaka ndani. Osha mikono, osha kisu. Vipande vilivyokatwa na kuwekwa juani stendi, usinunue. Nunua tunda zima, ukakate nyumbani.

Sasa huyo kaka wa mafuta na ndimu. Usimlipe.

Ningependa mume wako asome sehemu hii, kwa hiyo nitaieleza kwa urefu. Tiba hiyo haikuanzia Mtwara, imezunguka dunia. Mwaka 2005 jarida la tiba la The Lancet lilichapisha habari ya mwanamke wa miaka 40 aliyekuwa na maumivu kama yako, na altrasaundi ilikuwa imeonyesha mawe mengi ya milimita chache kwenye kifuko chake. Mtu wa tiba za asili alimpa maelekezo yanayofanana na haya uliyopewa: alishinda na juisi ya tufaha na mboga bila chakula, kisha akanywa mililita 600 za mafuta ya zeituni na mililita 300 za maji ya ndimu. Asubuhi akatoa vipande vingi vya kijani. Akafurahi, akavihifadhi, akawapelekea madaktari. Wao wakavichunguza maabara. Havikuwa na kolesteroli, wala bilirubini, wala kalisi. Vilipowekwa kwenye joto la nyuzi 40, kwa dakika 10 vikayeyuka vikawa uji wa mafuta wa kijani. Jiwe la nyongo haliyeyuki kwa joto hilo, lingekuwa limeshayeyuka ndani ya mwili siku mtu alipopata homa. Vile vipande vilikuwa sabuni, iliyotengenezwa tumboni mwake na mafuta aliyokunywa yakikutana na vimeng'enya vya usagaji na ile ndimu. Mawe yake yalikuwa palepale, yakaja kutolewa kwa upasuaji.

Ndiyo picha ulizoonyeshwa. Anayekunywa mafuta mengi hivyo atatoa vipande hivyo hata kama hana jiwe hata moja. Lakini wewe unayo, tena madogo, na nimekueleza mafuta hukifanya nini kifuko chako. Nusu lita ya mafuta kwa mpigo ni amri ya kujikamua kwa nguvu zote. Jiwe dogo likisukumwa likatoka kwenye kifuko linaweza kwenda kukwama kwenye mrija mkuu wa nyongo, ukapata manjano, au likaziba karibu na mlango wa kongosho, ikavimba. Kongosho ikivimba mtu hulazwa, na wapo wanaofariki. Huyo kaka hatakuwepo.

Tufaha ukilipenda ule kama tunda. Halilainishi mawe, kama ambavyo papai na bibo havilainishi. Hakuna tunda linaloyatoa mawe yaliyokwisha kuwa mawe, na atakayekuambia lipo atakuwa na kitu cha kukuuzia. Ipo dawa ya hospitali inayoweza kuyeyusha baadhi ya mawe madogo ya kolesteroli, lakini humezwa kwa miezi mingi, haifai kwa kila mtu, na mawe huweza kurudi ukiiacha. Daktari ndiye wa kusema kama inakufaa.

Ninachokusihi zaidi ni kurudi kwa daktari wa upasuaji. Mlo mzuri utapunguza maumivu wakati unasubiri, hautamaliza ugonjwa. Watu wengi wenye mawe hawaumwi maisha yao yote na huachwa kama walivyo, ila mawe yakishaanza kuuma kama yako huwa yanaendelea kuuma, na kinachotolewa ni kifuko chenyewe. Najua neno hilo linamtisha mume wako. Mwambie kifuko kikitolewa ini linaendelea kutengeneza nyongo, inatiririka moja kwa moja hadi utumboni, na mtu anaishi, anazaa, analima. Mwambie pia kwamba si lazima tumbo lipasuliwe kwa urefu. Erich Mühe, daktari wa Ujerumani, alikitoa kifuko kupitia matundu madogo mwaka 1985, na siku hizi njia hiyo ni ya kawaida duniani. Nenda Ligula, au Hospitali ya Rufaa ya Kanda ya Kusini kule Mitengo, au Ndanda ukiwa safarini kwa binti yako, uulize kama wanafanya kwa matundu au kwa kupasua, gharama ni kiasi gani, bima yako inachangia nini, na utapumzika muda gani kabla ya kushika jembe. Yaandike maswali hayo kwenye lile daftari la matunda ili msongamano usikunyang'anye tena nafasi ya kuuliza. Mume wako aingie na wewe chumbani kwa daktari, amsikie mwenyewe.

Usingoje siku ya miadi ukiona maumivu yamedumu kwa zaidi ya muda wa saa tano bila kutulia, au yameambatana na homa na kutetemeka, au macho yamegeuka ya njano, mkojo umekuwa kama chai ya rangi na choo kimepauka, au unatapika kila unachoweka mdomoni. Hapo ni hospitali usiku ule ule, hata kwa bodaboda ya jirani.

Na binti yako. Mpigie leo umfungulie matunda yote. Mimba ya miezi mitano inataka papai lililoiva, embe, chungwa na mboga za majani, na mjamzito tayari huteswa na choo kigumu bila kuongezewa marufuku. Ni kweli kwamba kuwa na mama mwenye mawe kunamwongezea uwezekano, na ni kweli mimba hukilegeza kifuko, lakini tunda halimo katika hesabu hiyo. Mwambie amweleze mkunga kliniki kwamba mama yake ana mawe kwenye nyongo, na kwamba akipata maumivu upande wa kulia chini ya mbavu asiyachukulie kuwa mtoto amegeuka. Aende siku hiyo hiyo wakampime, maana kwa mjamzito maumivu ya mahali hapo yanaweza pia kuwa dalili ya kifafa cha mimba, na hicho hakingoji. Kama tayari ameacha matunda kwa ajili yako, aanze na papai kidogo kama wewe, mkalile siku moja.